Mstari Mweusi

Niliiandika mimi. Kama ulikuwa Mgololo au vijiji vya jirani mwishoni mwa 2008, na bado unaikumbuka ile karatasi iliyobandikwa kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, ile iliyotaka mabinti wetu wapimwe kwa mita za ujazo kama magogo, usiumize kichwa tena. Kijana wa steshenari hakuiandika. Yeye alichapa tu. Nilimlipa shilingi 1,000 kwa kurasa mbili na 300 kwa nakala tatu.

Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja ya huko, mtu wa kuja, mzaliwa wa Rungwe. Asiyepajua Mgololo inabidi aanze na pua. Kiwanda cha karatasi kilianza kuzalisha mwaka 1985, na wazee wanaendelea kukiita SPM ingawa kimeshabadili mwenyewe na jina. Kinapika vipande vya mbao kwa dawa zenye salfa, na upepo ukigeuka kijiji kizima kinanuka mayai viza. Wiki ya kwanza unalalamika. Mwezi wa pili mgeni akikuuliza habari ya harufu unamshangaa, harufu gani? Kukizunguka kiwanda ni misindano na mikaratusi, mistari kwa mistari mpaka macho yachoke, ukungu wa Mufindi umeilalia, na barabarani malori ya magogo yaliyopigwa namba kwa rangi. Kila gogo lina daraja, lina kipimo, lina kibali na hati ya kusafirishia, na getini watu wa maliasili wanalikagua. Gogo halitoki hivi hivi.

Binti alitoka hivi hivi. Kila mwaka, mtihani wa darasa la saba ukiisha mwezi wa tisa, walikuja watu wa kutafuta wasichana wa kazi. Mara nyingine alikuja mama mwenyewe wa Dar es Salaam, kajifunga kitenge cha wax, anatembea kwenye tope kama anaogopa kuliamsha. Mara nyingi alikuwa mwenzetu tu wa hapo hapo aliyegeuka dalali. Ukiwa Dar ukasema unatoka Iringa, hujamaliza kunywa maji mwenyeji wako ameshakuuliza kama unaweza kumletea msichana, maana wa kwenu wana adabu na wanajua kazi. Sheria ya ajira ya 2004 ilikataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, lakini sikuona dalali aliyeomba cheti cha kuzaliwa. Na watoto wasio na wa kuwasemea walikuwa wengi. Utafiti wa kitaifa wa ukimwi wa 2007 hadi 2008 ulikuta asilimia 15.7 ya watu wazima mkoani Iringa, ambao wakati huo ulikuwa bado umeshikana na Njombe, wana virusi, wakati kwa nchi nzima kiwango kilikuwa chini ya 6. Mimi sikuhitaji asilimia. Nilikuwa na darasa la kidato cha kwanza ambalo ukisema "kesho njoo na mzazi" nusu wanaangalia chini.

Basi nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa ya kweli. Ninaisema hiyo mapema kwa sababu ndiyo niliyojificha nyuma yake muda wote huu.

Silaha niliipata kwenye kitabu. Mwalimu mmoja wa kujitolea alipoondoka aliniachia mkusanyo mnene wa maandishi ya Kiingereza, jalada limeng'oka, na humo nikakutana upya na Jonathan Swift. Swift nilikuwa namjua kama wengi wetu tunavyomjua, bila kumjua. Katika miaka ya mwanzo ya 1930 Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa ile Kamati ya Lugha iliyosanifisha Kiswahili, alitoa Safari za Gulliver, na hadithi ya jitu lililofungwa kamba na watu wa kimo cha kidole nilisimuliwa shuleni nikiwa na kaptula. Nilikua nikidhani ni ngano ya watoto iliyotungwa na baharia. Kumbe aliyeitunga alikuwa kasisi, mzaliwa wa Dublin, Ayalandi, mwaka 1667, na tangu 1713 mkuu wa kanisa kuu la Mtakatifu Patrick katika mji huo huo. Na kitabu chenyewe, kilichotoka London mwaka 1726, hakikuwa cha watoto hata kidogo. Kilikuwa cha kuwachapa viboko wakubwa.

Lakini iliyonishika koo ni karatasi yake nyingine, ya mwaka 1729, ambayo kwa Kiswahili ningeiita Pendekezo la Mtu Mnyenyekevu. Mavuno yalikuwa yameharibika Ayalandi miaka kadhaa mfululizo. Wenye mashamba wengi walikaa Uingereza wakila kodi, na barabara za Dublin zilijaa akina mama wakiomba na watoto mgongoni. Kasisi anashika kalamu kama karani wa hesabu. Anapiga mahesabu: watoto wa maskini 120,000, abakize 20,000 wa mbegu, waliobaki, wakifika mwaka mmoja, wauzwe kwa matajiri kuwa nyama. Ngozi zao zitengenezwe glavu. Anaeleza faida kwa taifa, faida kwa mzazi, faida kwa wenye mabaa. Hapigi kelele hata mara moja. Hasemi kwamba anatania. Ukifika katikati unajikuta unaikubali hesabu yake, kisha unashtuka kuona ulichokubali.

Nilisoma usiku kwa taa ya chemli nikajiambia: hii ni ya kwetu. Huyu mzee ameandika habari za Mgololo.

Nikaandika yangu kwa siku mbili. Sitaki kujifanya kwamba sikuifurahia. Niliichekea mwenyewe nikiwa natembea njiani, watoto wakanishangaa. Jina lake lilikuwa "Pendekezo la Kuongeza Pato la Kata". Niliandika kwamba msindano husubiriwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kuvunwa ilhali binti yuko tayari akiwa na 13, kwa hiyo ni zao lenye tija kubwa zaidi. Niliandika kwamba si haki gogo kulipiwa ushuru na binti apite bure. Nikapendekeza wapangwe kwa madaraja: waliopogolewa vizuri, yaani wasiojibu wakigombezwa, wawe daraja la kwanza, wenye vifundo, yaani wenye kuuliza mshahara, wauzwe kama kuni. Kila mmoja apigwe namba kwa rangi ili akipotea Dar ajulikane ametoka kitalu gani. Na yatima nikawawekea kifungu chao.

Hicho kifungu nitakirudia.

Kuchapa, nilikwenda kwenye kibanda mkabala na stendi. Kijana alikuwa na kompyuta moja, printa moja, na jenereta ndogo aliyoifungia nyuma ili kelele zisiwafukuze wateja. Alichapa kimya. Alipofika kwenye vifundo akacheka kwa pua, akaniangalia, akaendelea. Mwisho akauliza, "Chini niweke jina nani, mwalimu?"

"Usiweke."

Hakuuliza tena. Printa ikatema karatasi, na pembeni mwa kila ukurasa, upande wa kulia, kukawa na mstari mwembamba mweusi kuanzia juu hadi chini, kama uzi wa nguo. Akaomba radhi: duramu ina mkwaruzo, kuagiza nyingine mpaka Iringa mjini. Nikamwambia hausumbui. Usiku ule nilipika gundi ya unga wa ngano, nikabandika nakala moja kwenye mashine ya kusaga, moja stendi, moja kwenye mbao za matangazo za kijiji.

Niliowalenga walikuwa watatu au wanne: madalali wawili niliowajua kwa sura, kiongozi mmoja aliyekuwa akiwaandikia barua za safari, na hao akina mama wa vitenge. Asubuhi nilipita mbali kidogo ili nione. Dalali mmoja aliisoma, akacheka mpaka akashika mbavu, akamwita mwenzake. Alimsomea kwa sauti habari ya madaraja. Wakaondoka wakirushiana maneno, "Wewe wako ni kuni! Wewe wako ni kuni!" Hawakuchomwa popote. Wale wa vitenge hawakusoma kwa sababu walikuwa Dar. Kiongozi aliisoma akaibandua ile ya mbao za matangazo, akaiweka mfukoni, akaenda zake kunywa chai.

Aliyeisoma sawasawa hakujua kusoma.

Alikuja nyumbani kwangu siku ya tatu, jioni, bibi wa makamo ya mama yangu. Alikataa kuingia kwa sababu ya tope miguuni, akakaa kwenye kigoda nje. Tukaamkiana, kamwene, kamwene, akaniuliza hali ya shule, nikamuuliza hali ya mahindi. Halafu akafungua fundo la kanga akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ile ya mashine ya kusaga. Pembe zake zilikuwa bado na gundi yangu, na gundi ilikuwa imeng'oka na chokaa ya ukuta.

"Mwanangu, wewe ndiye mwalimu. Nisomee. Mjukuu amenisomea nusu, akaniambia bibi nimechoka."

Nikaisoma. Nakumbuka nilivyoishika, mbali kidogo na macho, kama mtu anayeiona mara ya kwanza. Nilisoma pole pole nikitafuta pa kukwepa, na nilipofika kwenye kifungu cha yatima nikakiruka, nikaendelea na cha namba za rangi.

"Umeruka," akasema.

"Sijaruka, bibi."

"Umeruka. Hapo katikati pana neno bibi. Mjukuu alinionyesha kwa kidole." Akainuka, akaja, akaweka kidole chake juu ya karatasi. Palikuwa hapo hapo.

Nikasoma. Nilikuwa nimeandika hivi: "Bibi mwenye yatima zaidi ya wawili ahesabiwe kuwa mwenye msitu wa asili: hakupanda, hakupalilia, lakini ana haki ya kuvuna." Mezani, chini ya taa ya chemli, hiyo ndiyo sentensi iliyokuwa imenipa raha kuliko zote.

Alikaa kimya. Upepo ulikuwa unatoka kiwandani. Kisha akasema, bila ukali wowote, "Huyu mtu anajua hesabu." Akasubiri kidogo. "Ukimjua mwambie mimi sikupewa hela. Nilipewa mche wa sabuni na sukari kilo tano. Na sukari wameinywa hao wadogo zake waliobaki. Nililia mpaka gari likapotea kwenye kona. Angebaki angekula nini? Mwambie aandike na hiyo."

Wakati huo huo mlango ukafunguliwa nyuma yangu na msichana akatoka na chai. Mimi na mke wangu tulikuwa na mtoto mchanga, mke wangu alikuwa akifundisha msingi, na msichana alikuwa akitusaidia. Tulikuwa tukisema hivyo, anatusaidia. Alikuwa na miaka 14, labda. Hatukuwahi kumuuliza cheti.

Bibi alipokea kikombe kwa mikono miwili, akamtazama. "Wa wapi wewe?" Akataja kijiji. "Wa nani?" Akataja jina la mama, akaongeza kwamba ni marehemu. Bibi akaitikia kwa kichwa, akanywa chai yake yote, akakunja karatasi mara nne kama ilivyokuwa, akaifunga tena kwenye kanga. Aliponiaga alinishukuru kwa kumsomea.

Sijui kama alijua. Nimeligeuza hilo miaka yote, na kila nikiligeuza nagundua kwamba ninachotaka ni kusikia hakujua.

Mkutano wa kijiji ulikuwa Jumamosi iliyofuata. Sasa maneno yalikuwa yamezunguka na kuota mbawa. Wengine walisema kuna mradi kweli unakuja wa kusajili mabinti, mzazi mmoja alikuwa ameshamficha mwanawe kwa shangazi. Wengine walisema ni matusi kwa Wahehe kutoka kwa watu wa kuja. Akina mama waliokuwa na binti mjini walikaa pamoja upande mmoja, hawakusema kitu, walivuta tu kanga zao mabegani. Mzee mmoja akainua karatasi juu, akauliza kama kuna ambaye hautambui mstari huu mweusi. Kila mtu aliutambua. Mitihani ya majaribio ilikuwa nao, barua za kanisani, kadi za michango ya harusi. Kijiji kizima kilikuwa na printa moja.

Kijana akasimamishwa. Akasema, "Mimi nachapa kinacholetwa." Akaulizwa kimeletwa na nani. Akasema wateja ni wengi, hakumbuki. Akaulizwa mara tatu, na mara zote tatu akasema hakumbuki, na hakugeuza macho upande wangu hata mara moja. Mimi nilikaa benchi la pili, sikutamka neno. Wakamtoza faini ya shilingi 50,000 na wateja wakamkimbia. Mtu akipeleka kitu kuchapwa kwake alikuwa kama anakubaliana na ile karatasi.

Nilimfuata usiku na noti mbili za elfu kumi. Alikuwa anafunga nyaya. Akaziangalia, akaniuliza, "Hii ni ya ile kazi au ya hii?" Sikuwa na jibu. Akazichukua, na sikumlaumu, alikuwa anazihitaji. Mwezi wa kwanza aliondoka kwenda Makambako, mbele kwenye lori la magogo, printa kaifunga blanketi kaipakata kama mtoto.

Kwa miaka kadhaa nilijiponya kwa dawa moja: kwamba sikueleweka. Nilijiambia kejeli inataka wasomaji, na wasomaji sikuwa nao. Niliitumia hata darasani. Nikifundisha Swift nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba mwandishi mkubwa daima hutangulia watu wake, nikitulia kidogo baada ya kusema hivyo, wafikirie wenyewe ninamsema nani.

Dawa hiyo iliisha nguvu nilipokuwa kwenye mafunzo Iringa mjini, jioni nikiwa na simu na muda. Nikaanza kusoma habari za barua alizoandika Swift mwaka 1724, miaka mitano kabla ya lile Pendekezo. Serikali ya London ilikuwa imempa William Wood, mwenye biashara ya vyuma, haki ya kufyatua sarafu za shaba zenye thamani ya zaidi ya pauni 100,000 kwa ajili ya Ayalandi, na Waayalandi waliamini zitawanyonya. Swift akaandika barua akijifanya muuza vitambaa, akajitia jina la herufi mbili, M.B. Barua ya nne ilipotoka, serikali ikatangaza zawadi ya pauni 300 kwa atakayemtaja mwandishi. Dublin nzima ilimjua. Hakuna aliyechukua pauni 300. Mwaka uliofuata Wood akanyang'anywa haki yake, na kasisi akawa shujaa, watu wakamwashia mioto barabarani.

Hapo nilikuwa nikitabasamu. Kisha nikafika kwa mtu anayeitwa John Harding. Huyo alikuwa mpiga chapa. Serikali haikumkamata kasisi, ilimkamata yeye. Jina la mwandishi halikuwa kwenye karatasi lakini jina la mpiga chapa lilikuwapo, kwa sababu mashine haina pa kujificha. Wazee wa baraza walikataa kumshtaki, lakini jela alishaionja, na mwaka 1725 alikufa. Akaacha mjane, Sarah. Na mwaka 1729, Swift alipomaliza kuandika lile Pendekezo lililonichekesha chini ya chemli, aliyelipiga chapa, tena bila jina la mwandishi, alikuwa Sarah Harding.

Niliiweka simu chini. Katika ule mkusanyo wangu mnene, wa jalada lililong'oka, kulikuwa na maelezo kurasa nne juu ya kejeli ya Swift na hakukuwa na mstari mmoja juu ya mjane aliyepanga herufi zake.

Kuna na lingine, dogo, lakini lilinikaa. Mwaka 1737, akiwa na miaka 70 hivi, kasisi huyo huyo alitoa pendekezo jingine, na hili halikuwa la mzaha. Alitaka ombaomba wa Dublin washonewe alama kwenye nguo kuonyesha parokia zao, na wa kutoka nje ya mji wafukuzwe warudi makwao. Anawasema vibaya. Mtu anayetoa sehemu kubwa ya pato lake kwa maskini, anayekopesha mafundi bila riba, aliyeacha mali yake ijenge hospitali ya wagonjwa wa akili, mtu huyo huyo anatazama maskini barabarani na anachoona ni uchafu na uvivu. Sikumhukumu. Ila niliporudi kukisoma kifungu changu cha yatima, kwa kumbukumbu maana nakala sina, niliijua sauti ile. Nilidhani nimeandika kwa kuwaonea uchungu. Kulikuwa na uchungu, ndiyo. Kulikuwa na kinyaa pia, cha mtu mwenye mshahara, kwa watu wanaomuuza mtoto kwa sukari kilo tano.

Na jambo ambalo ningelijua bila kufika Dublin: kejeli tunayo. Kusini huku mtani wa Mhehe anaweza kuingia msibani, akamuuliza mfiwa kama mbwa wa nyumbani wamehesabiwa au marehemu ndiye aliyekuwa akiwala peke yake, na watu wakacheka machozi yakiwatoka. Anaweza kulilalia kaburi asitoke mpaka apewe kitu. Anasema mabaya kuliko niliyoyaandika mimi. Lakini anayasema akiwa amesimama pale, uso wake unaonekana, jina lake na la babu yake linajulikana, na kesho yake wewe utakwenda msibani kwake kumfanyia vivyo hivyo. Mtani habandiki usiku.

Msichana wetu, kama unataka kujua, alikaa miaka mitatu zaidi. Baada ya ile jioni nilimwongezea mshahara kutoka 15,000 hadi 20,000 na nikajiona nimefanya jambo. Mke wangu ndiye aliyempeleka cherehani mwishowe. Sasa ana duka la kushona Mafinga na hutupigia sikukuu.

Bibi amefariki. Mjukuu wake yule aliyechukuliwa alirudi kutoka Dar baada ya mwaka mmoja na nusu, akaolewa huko huko kijijini. Nilihudhuria msiba wa bibi, nikabeba jeneza upande wa miguu, sikusema.

Mwaka jana nikastaafu, nikaanza kuyaandika haya, na nilipofika mwisho nikaona siwezi kuyatoa bila kumtafuta kijana. Si kijana tena. Ana steshenari kubwa Makambako karibu na barabara kuu, mashine nne, wafanyakazi wawili. Alinijua kabla sijatoa salamu mdomoni. Akafukuza mtu kwenye kiti nikae, akaagiza soda. Nikampa kurasa zangu, zilikuwa za mkono, akazisoma akiwa amesimama, huku akipokea wateja. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi. Nilikuwa nimejiandaa hata kupigwa.

Alipofika kwenye mkutano akasimama kusoma. Akaweka kidole juu ya karatasi.

"Hapa umeandika hukutamka neno."

"Ndiyo."

"Ulitamka, mwalimu." Hakupandisha sauti, kulikuwa na wateja. "Waliponiuliza mara ya tatu ukanyoosha mkono. Mwenyekiti akakuruhusu. Ukasema vijana wa siku hizi wakishapata kompyuta wanajiona wanaweza kuandika lolote. Watu wakapiga makofi. Faini ndipo ikaja."

Nilitaka kukataa. Nilifungua mdomo kabisa. Halafu nikaliona benchi, nikaona mkono wangu ukiwa juu na saa ya fedha niliyokuwa nikivaa wakati ule, nikasikia makofi. Sikuwa nimeyakumbuka kwa miaka yote hiyo, na nilipoyakumbuka nilikumbuka pia kwamba yalinipendeza.

Akanirudishia kurasa. Akaniuliza kama nataka zichapwe, siku hizi ukurasa ni shilingi 1,000, mimi angenipunguzia. Nikamwambia nikarekebishe kwanza. Nikapanda basi la jioni.

Sikurekebisha. Ile aya ya mkutano iko huko juu kama nilivyoiandika mara ya kwanza, nimekaa benchi la pili, sijatamka neno.